Pawa Saplai Nzito

Kapasita ikipasuka ina harufu yake, nusu samaki, nusu plastiki iliyoungua, na ikishaingia kwenye pazia haitoki hata ukilifua mara tatu. Mimi natengeneza kompyuta hapa Meru mjini, kwa hivyo naikuta mara nyingi. Kila nikiikuta narudi sebuleni kwetu Kianjai, nikiwa na miaka kumi, nimesimama nyuma ya kaka yangu Mutuma nikingoja kusifiwa. Leo nitawaambia nilikuwa nangoja sifa za nini. Msinicheke sana.

Mutuma alikuwa amemaliza sekondari na alikuwa na wazimu mmoja tu, kompyuta. Baba yetu, mkulima wa kahawa na miraa kidogo, hakuona maana ya kitu kinachokula stima na hakitoi maziwa. Lakini mama alikuwa mwalimu wa chekechea, na kila muhula alipanga foleni kwenye saiba ya sokoni, duka la kompyuta za kukodi, akingoja kuchapiwa mitihani, basi akamtetea kijana wake. Baba akakubali kwa sharti, akalitamka mezani tukiwa tunakula. Mutuma anunue vipande, aiunde mwenyewe, na ikifika Januari bila kuharibika ataenda chuo kusomea hayo mambo yake. Ikiharibika, ataenda Laare kwa ankoo kufunga miraa. Baba hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Siku ya kununua, Mutuma alinichukua twende mjini pamoja. Haki, kijana yule alimtesa muuzaji! Madabodi, ule ubao mpana unaobeba kila kitu ndani ya kompyuta, aliuchagua kama mama anavyochagua kuku. Aliugeuza, akahesabu nafasi za memori, akachungulia pale prosesa inapokaa kama kuna sindano iliyopinda, akapitisha kidole juu ya vile vikopo vidogo, ndizo kapasita, kutafuta kama kuna kilichofura kichwa. Alirudisha tatu ndipo akaridhika na wa nne. Ikaja zamu ya pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea stima ya ukutani na kuigawa kwa vipande vingine. Hapo hakusoma maandishi hata kidogo. Alishika kimoja mkono huu na kingine mkono ule, akapima kama mtu anayenunua viazi, akaniambia kwamba karatasi ya ubavuni wanaweza kuandika chochote wanachotaka, lakini chepesi ndani ni hewa tupu. Akachukua kizito kuliko vyote. Nilikipakata mpaka Kianjai na miguu ikafa ganzi.

Aliiunda juu ya meza ya kulia, na jioni ile ile ikawaka. Mama aliimba. Hata baba alivuta kiti akaangalia, ingawa alijifanya anatafuta miwani.

Shida ilikuwa tokeni za stima, zile unazolipia kabla ya kutumia. Kila akipita mlangoni baba aliinua macho kuangalia mita, akaguna, akasema kitu hiki kinakunywa kama ng'ombe aliyezaa jana. Wiki ya kwanza alisema kwa utani. Wiki ya tatu hakuwa anatania tena, na mimi nikaanza kuogopa kwamba ataifunga kabla ya hiyo Januari. Nilimpenda Mutuma kupita kiasi, niseme tu ukweli. Ndiye aliyekuwa akinisuka nywele mama akichoka, na usukaji wake ulikuwa mbaya ajabu, lakini nilienda nao shuleni bila kulalamika.

Basi Jumamosi moja nikipangusa vumbi niliona nyuma ya ile pawa saplai swichi ndogo nyekundu. Juu yake pameandikwa 230. Nikaisukuma kidogo kwa ncha ya kalamu, ikateleza, ikaonyesha 115. Hesabu nilikuwa naijua. Nikaona hapa ndipo siri yenyewe ilipo: mtu ameiacha kwenye mia mbili na thelathini, na ingeweza kula nusu tu. Nikaiacha kwenye 115 na sikumwambia mtu, ili baba aione mita mwenyewe aulize ni nani aliyetuokoa.

Saa nane mchana Mutuma alikuja kumchapia mama mitihani. Nikasimama nyuma yake na tabasamu langu. Akawasha pale ukutani.

Ilipasuka kama risasi. Stima ikapotea nyumba nzima, moshi ukatoka nyuma ya kompyuta, mama akaliita jina la Yesu kutoka jikoni, na kuku wakahama boma. Mutuma alichomoa waya, akakaa chini sakafuni, akashika kichwa. Nilitoka nje polepole, nikaenda nyuma ya ghala ya mahindi, na huko nikamwomba Mungu airudishe ile swichi. Sikuomba kompyuta ipone. Niliomba swichi tu.

Niliporudi ndani nikaitupia swichi jicho. Ilikuwa imekaa kwenye 230. Jameni, Mungu alikuwa amenisikia! Jumapili iliyofuata nilitoa sarafu zangu zote za mandazi kwenye sadaka.

Sasa Mutuma akawa na kazi ya kujua ni nini kilichokufa. Ikiwa ni pawa saplai peke yake, kuna matumaini. Ikiwa imekufa na madabodi, basi yote yamekwisha. Alikunja klipu ya karatasi, akaunganisha waya wa kijani na waya mweusi kwenye plagi pana ya pawa saplai, akawasha. Feni haikugeuka hata kidogo. Hiyo moja imeenda: stima ya volti 230 ilikuwa imeingia mahali palipowekewa 115, ingawa hilo nililielewa baadaye sana. Kesho yake akaazima nyingine kwa mwenye saiba, akauweka ubao mtupu juu ya katoni, na prosesa, memori moja, na kispika kidogo kama kifungo, basi. Akagusisha sindano mbili za kuwashia kwa bisibisi. Tulingoja sote, hata baba. Ikalia mlio mmoja mfupi. Mutuma akafumba macho, akasema madabodi ni mzima.

Lakini sharti lilikuwa sharti. Kwetu kijana akishatahiriwa hagombezwi mbele ya dada yake, kwa hivyo baba alimwita ankoo kutoka Laare, wakafunga mlango wa sebule wanaume watatu, na mimi nikatumwa kuchambua maharagwe. Sikusikia kitu. Mama aliingia kupeleka chai, akarudi macho mekundu, akaniambia Mutuma amekiri mwenyewe kwamba alinunua pawa saplai nyepesi, ya bei rahisi. Ataenda Laare mwaka mmoja kwanza, ajifunze kuwa makini.

Nyepesi! Mimi niliyeipakata. Nilijua ni uongo, na nikainamia maharagwe yangu, kwa sababu uongo ule ulinifaa. Sitauremba. Nilikuwa mwoga.

Kabla hajaondoka aliomba kitu kimoja, na baba alimkubalia: kompyuta ya mama isikose mtu wa kuitunza, basi afundishwe Kendi. Ndiye mimi. Alinifundisha siku nne, klipu, waya wa kijani, mlio mmoja na milio mingi, mpaka nikaweza kuifungua na kuifunga peke yangu. Halafu akabeba begi lake akaenda.

Alikuja kwenda chuo, ndiyo, mwaka ukiisha. Sasa anasimamia kompyuta za ofisi fulani Embu na ana kitambi. Krismasi iliyopita alipita dukani kwangu, nikiwa nimeifungua mashine ya mteja, na sijui ni nini kilichonipata, nikamwambia yote. Swichi, kalamu, tokeni, maombi nyuma ya ghala.

Hakuacha hata kupuliza vumbi kwenye ile feni aliyoishika. Alisema, "Najua. Niliikuta kwa mia moja kumi na tano siku ile ile, ina alama ya kalamu yako, nikairudisha."

Nilipomwambia kuhusu sadaka yangu alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilimuuliza kwa nini basi akubali Laare, mwaka mzima kuamka alfajiri kufunga miraa, kwa kosa langu.

"Baba angekuchapa mara moja, yaishe," alisema. "Lakini hangekuruhusu kugusa kompyuta tena, unamjua. Na ulikuwa umesimama nyuma yangu kila siku tangu tuiunde. Niliona unaipenda kuliko mimi."

Miaka yote hiyo nilifikiri nilinyamaza nikaponea. Kumbe mwenzangu alikuwa amenyamaza kwa niaba yangu, na kazi hii ninayokula nayo, duka hili na jina langu mlangoni, aliniachia yeye siku ile mlango wa sebule ulipofungwa. Nililia hapo hapo, bisibisi mkononi, mbele ya mteja aliyekuja kuuliza chaja, na sikuona haya.