Siku Mke Wangu Hakuitika Bondeni

Tulianza kutoka nje ya jiji kila Jumamosi kwa sababu mke wangu alikuwa amekauka. Sina neno jingine. Mama yake alifariki katika kambi ya wakimbizi, kule Kasulu, Tanzania, katikati ya mwaka 2021, wakati mipaka ya Australia imefungwa na sisi wa magharibi ya Sydney tumefungiwa ndani ya mitaa yetu, helikopta ya polisi ikizunguka juu ya mapaa. Alimzika mama yake kwa simu. Simu yenyewe ilikatika walipokuwa wanashusha jeneza, na iliporudi tuliona udongo tu na migongo ya watu. Mke wangu, Mama Neema, aliiweka simu kifudifudi mezani, akavaa barakoa, akaenda kazini. Hakulia.

Yeye anahudumia wazee katika kituo kimoja upande wa Westmead. Mimi naendesha foklifti katika ghala hapa Smithfield. Miezi ile wazee wawili aliokuwa akiwaogesha walikufa, na hakulia pia. Matanga hatukuweza kuweka, maana wageni nyumbani walikatazwa. Ikafika mahali nikimwambia jambo ananijibu baada ya muda, kama mtu anayemsikiliza kwanza mtu mwingine. Mara mbili nilimkuta amesimama uani na kikapu cha nguo, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Nikamuuliza anasikiliza nini. Akasema, "Hakuna." Niliogopa kwamba siku moja nitamwita na asirudi kabisa kutoka huko aliko.

Katika kitabu nilichoazima maktaba nilisoma kwamba kutembea kwenye miti humtuliza mtu mwenye majonzi. Mimi shule niliacha mapema, na mengi ninayoyajua nimeyapata kwenye vitabu, kwa hiyo ninavitii. Tulipofunguliwa, niliandika ratiba. Jumamosi ya kwanza tulikwenda mto Nepean, pale Penrith. Ya pili tukaenda kwenye mashamba ya Hawkesbury, tukanunua machungwa kando ya barabara. Alikula chungwa moja, akasema ni tamu. Niliona ni maendeleo. Ya tatu niliandika: Blackheath, juu milimani.

Saa moja na nusu asubuhi tulitoka nyumbani. Binti yetu Neema, anayesoma chuo Parramatta, alitoka kutufungulia geti na blanketi mabegani. Nikamwambia tutarudi saa kumi na moja. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba watu wengine Jumamosi hulala.

"Baba yako hajui kulala," mama yake alisema. "Akilala anaandika saa aliyolala."

Ulikuwa utani wake wa kwanza baada ya wiki nyingi. Nilijibu kwamba nisipoandika, nani atajua tulifika? Lakini alikuwa amekwishageukia dirisha.

Saa mbili na robo tulivuka mto na barabara ikaanza kupanda. Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi, na kila kitu kilikuwa kibichi kupita kiasi. Tulipopita miji midogo ya mlimani tukafika palipoungua na moto mkubwa wa kabla ya Korona. Nilitegemea kuona miti mikavu. Sivyo ilivyokuwa. Miti ilikuwa myeusi kama mkaa, lakini majani yalikuwa yamechipua kwenye shina lenyewe, toka chini mpaka juu, yakalifunika kama manyoya. Matawi yalibaki matupu. Kilomita baada ya kilomita ilisimama hivyo, bila upepo.

"Imekufa au iko hai?" Mama Neema aliuliza.

"Iko hai. Mti huu ukiungua huchipua kwenye gome."

"Haionekani kama inajua."

Saa tatu kasoro dakika tano tulisimama Blackheath kununua mkate. Mama mmoja wa makamo, nywele nyeupe fupi, alitutaka tuonyeshe cheti cha chanjo, kisha akauliza tumetoka wapi. Nikasema Smithfield. Alirudi nyuma nusu hatua. Mitaa yetu ilitajwa kila siku kwenye habari kwamba ndiyo yenye ugonjwa, kwa hiyo nilimwelewa. Naye alijiona, akaona haya, akatuongezea mikate miwili ya zabibu ambayo hatukuilipia.

"Mnashuka bondeni?" akauliza. "Angalieni ukungu. Unapanda kutoka chini, haushuki kutoka juu. Na msikae chini ya miti iliyoungua. Matawi yake huanguka bila kutoa taarifa."

Nilimshukuru. Ushauri wa kwanza niliuandika. Wa pili nilidhani nitaukumbuka.

Saa nne kamili tuliacha gari mwisho wa barabara ya vumbi na kushika njia ya miguu. Njia ilishuka kwenye magome yaliyolowa na mawe yenye ukoga. Hatukukutana na mtu. Kulikuwa na ndege ambaye sauti yake huanza kama filimbi ndefu, ikavutwa, ikamalizika kwa mlio wa mjeledi. Na kabla mjeledi haujaisha, sauti nyingine hujibu upande wa pili, chiu, chiu. Nilikuwa nimesoma habari zao: ni ndege wawili, dume na jike, mmoja anaita na mwenzake anaitika. Sauti zao huoana kiasi kwamba msikilizaji hudhani ni ndege mmoja. Nilimweleza mke wangu. Akauliza, "Na mmoja akifa?" Kitabu hakikusema.

Saa tano kasoro robo tulifika kwenye benchi la mbao kando ya kijito. Nyuma ya benchi palikuwa na jabali refu kuliko nyumba, na upande wa pili wa kijito ukuta wa mwamba wa manjano. Tulimimina chai. Manyunyu yakaanza, na nikagundua makoti ya mvua nimeyaacha kwenye gari. Kutoka pale kwenda garini ni dakika kumi na tano kwa mwendo wangu. Mama Neema alisema goti linamsumbua, niende peke yangu.

"Usiondoke hapa," nilimwambia.

"Niende wapi, Baba Neema? Sina hata ufunguo."

Saa tano na dakika ishirini nilikuwa narudi na makoti mkononi. Ukungu ulikuwa umeingia. Ulikuja kama yule mama alivyosema, kutoka chini, ukijaza njia mbele yangu kama maji yanavyojaza beseni. Nilifika kwenye benchi kwa kuhesabu ngazi za mawe za ile njia. Chupa ya chai ilikuwepo, wima. Kikombe chake kilikuwepo, kimejaa nusu, na bado kilikuwa kinatoa mvuke. Barakoa yake ilikuwa imetundikwa kwenye kona ya benchi. Yeye hakuwepo.

Nyuma ya benchi tawi jeusi, nene kama paja, lilikuwa limelala kwenye majani. Sikujua kama lilikuwepo tangu awali. Nilitazama chini yake. Hapakuwa na kitu.

Simu haikuwa na mtandao. Basi nilifanya nilichowahi kusoma: mtafutaji aite mara moja, anyamaze, ahesabu mpaka thelathini akisikiliza, kisha asogee hatua hamsini na kuita tena. Niliita, "Mama Neema!" Ukuta wa mwamba ukanirudishia sauti yangu, ikiwa imekonda. Nikahesabu. Kijito tu. Nikasogea hatua hamsini kufuata maji, nikaita. Nikarudi, nikaenda hamsini upande wa juu, nikaita. Ndege wale waliitana mahali fulani, wa pili akajibu papo hapo, na niseme kweli, niliwachukia.

Mara ya sita niliacha kuita Mama Neema. Niliita, "Ansila!" Hilo ndilo jina lake, nami sikuwa nimelitamka tangu tulipompata mtoto. Lilinitoka kama jina la mtu nisiyemfahamu. Nikaliita mara ya saba, na ya nane, kila mara mahali tofauti, kila mara moja tu, kama nilivyosoma. Hakuna aliyeitika.

Saa sita na dakika tano niliteleza kwenye tope nikateguka kifundo cha mguu. Nilitambaa mpaka kwenye benchi. Chai ilikuwa imepoa. Sikuweza tena kusogea, na mpango wangu ulikuwa umekwisha. Nikaita kutoka pale pale nilipokaa. "Ansila!" Nikaita tena. "Ansila!" Nikaita mara ya tatu, na safari hii sauti ilipasuka.

"Abee!"

Ilitoka juu ya kichwa changu. Alikuwa juu ya jabali lililokuwa nyuma ya benchi, si zaidi ya hatua ishirini kutoka nilipokaa. Muda wote ule.

Alishuka kwa makalio, akishika mizizi, sketi imejaa tope. Nilipomgusa mikono ilikuwa baridi kama chuma cha ghalani alfajiri.

"Hukunisikia?" nikamuuliza.

"Nilisikia."

"Ulisikia! Dakika arobaini nakuita, unasikia, unanyamaza?"

"Uliita mara moja ukanyamaza. Kisha ukaita upande mwingine, mara moja. Kisha upande mwingine tena. Ni nani anaita hivyo, Baba Neema? Mtu anaita hivyo?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mimi ni Mbembe wa Fizi, kule Kongo, yeye ni Mrundi, tulikutana kambini na lugha ya nyumba yetu ni Kiswahili. Lakini jambo hili tulifundishwa wote wawili, kila mmoja na bibi yake. Ukiitwa porini, usiitike mara ya kwanza. Wala ya pili. Aliye hai atasimama pale pale aite mara ya tatu. Kile kingine huita mara moja na kuhama. Mimi nilikuwa nimelisahau kwa makusudi, kwa sababu ya vitabu. Yeye hakulisahau.

"Mimi ningeitika," nilisema kwa hasira.

"Wewe ungemwitikia hata shetani, kwa kuwa umesoma."

Nilimpa koti. Akanieleza taratibu: tawi lilianguka nyuma ya mgongo wake, akaogopa miti, akapanda jabalini mahali pasipo na mti. Ukungu ukamfunika. Kisha akaanza kusikia jina.

"Uliita mara ngapi?" akauliza.

"Nane nikizunguka, tatu hapa. Kumi na moja."

"Mimi nimehesabu kumi na mbili."

"Ni mwangwi, Mama Neema. Ukuta ule unarudisha sauti."

"Mwangwi nimeusikia, naujua. Hii ilitoka upande wa nyuma, wa chini. Baada ya wewe kuanza kusema Ansila." Alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. "Ilisema, *Ansila, ngwino.*"

Kirundi changu ni cha salamu, lakini hilo nalijua. Ngwino ni njoo. Sikuwa nimelisema. Mtu pekee aliyekuwa akimwita mke wangu kwa jina lile, na kwa neno lile, ni mama yake.

"Ukafanya nini?"

"Nikasimama. Nikapiga hatua mbili. Halafu nikakusikia umekaa mahali pamoja unaita kama mbuzi, nikajua ni wewe."

Saa saba kasoro robo ukungu ulifunguka kwa dakika chache. Nilimwomba anionyeshe, nikajikongoja kupanda ubavuni mwa jabali mpaka nikakiona kilele chake. Kwa nyuma halikuwa na ardhi. Lilikatika, na chini yake kulikuwa na vilele vya miti, mbali sana, vikiwa na ile rangi ya kijani ya miti isiyojua kama iko hai. Alama za viatu vyake zilikuwa kwenye ukoga. Nilipima kwa macho umbali uliobaki mpaka ukingoni. Hapa sitauandika.

Kupanda kulituchukua saa tatu nzima, mimi nikiegemea bega lake. Ndiye aliyeendesha gari, na aliendesha vizuri. Tulipofika Penrith aliuliza kama mguu unauma. Nikasema unauma. Akasema, "Vizuri."

Saa kumi na mbili jioni tulikuwa nyumbani. Kasulu ilikuwa asubuhi. Alikanda mguu wangu kwa maji ya chumvi, kisha, bila kuniambia, akampigia mama mdogo wake, Kolasta, ndugu wa marehemu, na kuiweka simu mezani sote tusikie. Alimsimulia yote. Nilitegemea yule mama aogope, au aseme tuite mchungaji. Aliuliza swali moja tu.

"Alikuita mara ngapi?"

"Mara moja."

Mama mdogo akasema kwa sauti kavu, "Basi hakuwa yeye. Dada yangu amemwita nani mara moja? Yule akikuita ulikuwa unaitika wewe, na majirani, na mbuzi wa majirani."

Mke wangu alicheka. Alicheka akashika meza, na Neema akatoka chumbani kutazama. Halafu kicheko kile kikageuka bila kukoma, nikaona mabega yake yanatikisika kwa namna nyingine. Neema alimkumbatia kwa nyuma, akasema kwa Kiswahili, tena vizuri, "Mama, lia." Mama mdogo kule Kasulu naye akaanza kulia, na safari hii simu haikukatika. Jumamosi iliyofuata hatukusafiri. Tulikaa matanga, pamoja na wote walioruhusiwa kuingia nyumba moja.

Ninawaandikia ninyi mlio nyumbani kwa sababu mnaniuliza Australia kukoje, nami nimezoea kuwajibu kwa kilomita. Nilichojifunza Blackheath ni hiki: nilimtafuta mke wangu tangu mwezi ule wa msiba kwa kuhama hapa na pale, mto leo, machungwa kesho, nikimwita mara moja kila mahali, na kumlaumu kwamba haitiki. Alikuwa ananisubiri nikae.

Mama mdogo alisema hakuwa yeye. Hakusema, kama si yeye, alikuwa nani. Na katika nyumba yetu hakuna aliyeuliza.