Mkono Mmoja na Kisanduku Chepesi

Mikono yake yote miwili ilikuwa mizima, lakini mtaa mzima ulimwita Mkono Mmoja. Kila alipogusa chombo chenye umeme, mkono wa kushoto ulikwenda mfukoni na haukutoka mpaka kazi iishe. Aliyemfundisha ufundi wa redio alimwambia kwamba umeme ni mwizi. Ukimfungulia mlango wa mbele na wa nyuma, atapita katikati ya nyumba, na katikati ya nyumba ndiko uliko moyo. Ukimfungulia mlango mmoja tu, atakuuma kidole na kukuacha.

Mafundi waliofundishwa hivyo walikuwa watano katika kichochoro kile. Amebaki yeye. Vibanda vya wenzake sasa vinauza makava ya simu, na watu wamesahau kwamba kitu kikinyamaza kinaweza kufunguliwa. Wanakitupa na kununua kingine, ambacho kitanyamaza mapema zaidi.

Mkewe alikuwa mwita majina wa zahanati. Kwa miaka ishirini na miwili alisimama kwenye dirisha la kadi akiwaita wagonjwa kwa jina la mtu na la baba yake, na sauti ilifika benchi la mwisho bila kurudiwa. Siku hizo kuitwa jina lako mbele za watu kulikuwa heshima. Mtu aliinuka na kunyoosha nguo kwanza. Mwaka ule sauti ikaanza kukwaruza. Daktari akamtazama koo, akaona vinundu, akamwonya: akiendelea kupaza sauti, ataipoteza yote.

Mkuu mpya wa zahanati, mtu aliyesoma hata salamu kwenye karatasi, alimwita siku ya Alhamisi.

"Mama, jana mgonjwa amekaa tangu asubuhi mpaka tumefunga. Ameitwa mara tatu, hakusikia. Jumatatu nitakaa mwenyewe benchi la mwisho. Nisiposikia, dirishani ataingia mwingine, nawe utapumzika nyumbani."

Alipofika nyumbani alimweleza mumewe kwa kunong'ona. Hakulia. Alikunja sare yake ya bluu taratibu mno, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Ndipo Mkono Mmoja akasema, kabla hajafikiri, "Nitakutengenezea kipaza sauti." Baada ya kulisema neno hilo, chakula kikamshinda.

Vitu vingine alikuwa navyo. Palikuwa na amplifaya ya gari, iliyoachwa na mteja aliyehama bila kuaga. Spika ilikuwapo, na redio kuukuu ya kaseti yenye tundu la maikrofoni. Alichokosa ni volti kumi na mbili zenye nguvu ya kuilisha amplifaya hiyo, maana ile imezoea betri ya gari, na betri ya gari haiwezi kubebwa kila siku kupelekwa kuchajiwa. Zamani angesukiwa transfoma ya kuushusha umeme wa ukutani. Aliyekuwa akizisuka alikufa, na mashine yake watoto wake waliiuza kama chuma chakavu.

Ijumaa akaja shemeji yake, kaka wa mkewe, amekumbatia pawa saplai, kisanduku cha kugawa umeme kilichotolewa kwenye kompyuta mbovu.

"Shemeji," alianza kabla hajaketi, "ulimchukua dada yetu ana sauti ya tarumbeta. Sasa unataka kuturudishia mnong'ono?"

"Weka mezani, nyamaza."

Mkono Mmoja akakiinua kile kisanduku, akakishusha, akakiinua tena. Ndivyo walivyofundishwa: chombo cha umeme hupimwa kwanza kwa mkono. "Hiki chepesi. Hakina kitu ndani."

"Siku hizi hata wakubwa ni wepesi, na wanaongoza."

Akakichomeka. Feni yake haikuzunguka. Akachomoa, akachomeka tena. Kimya. Shemeji akavua kofia. "Tumwombee," akasema. Dada yake aliyekuwa mlangoni akageuka akaingia ndani, na Mkono Mmoja akamwona akigusa koo lake.

Jumamosi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alivuka kichochoro kwenda kwa Dada wa Makava, mwanamke aliyepanga kibanda cha mmoja wa wale mafundi wanne, aliyekwisha kufariki, naye alikuwa pia akitengeneza kompyuta. Tangu ahamie pale, walikuwa wamepeana salamu tu, na hizo nusunusu.

"Nimeletewa maiti," akasema Mkono Mmoja, akiweka kisanduku juu ya meza yake.

"Karibu, mzee wangu. Ulikipigia hodi?"

"Hodi gani?"

"Hiki si transfoma. Ukikipa umeme kinakaa macho, kimya, kinasubiri kompyuta ikiombe. Kompyuta haipo, basi omba wewe." Akachukua kipande cha waya, akaunganisha waya wa kijani na mmoja wa zile nyeusi. Feni ikazunguka.

Mzee akasimama anaitazama. Tangu jana alikuwa amefanya matanga ya kitu kizima.

"Za njano ndizo volti kumi na mbili," akaendelea yule mwanamke. "Zikusanye zote pamoja, usiutwishe waya mmoja mzigo wote, utaungua. Na usikifungue tumbo. Hata kikichomolewa, ndani umeme unabaki."

"Hilo nililijua kabla hujazaliwa."

"Ndiyo maana mkono uko mfukoni?"

Alitaka kusema asante. Akasema, "Haya." Lakini alipofika katikati ya kichochoro aligeuka, akamwinulia mkono. Ule wa kulia.

Jumapili aliunganisha kila kitu, na kila alipowasha, feni ilitikisika mara moja ikasimama. Alijua kwa nini: amplifaya ikiwa na njaa humeza pigo kubwa la kwanza, na kisanduku hudhani kimepigwa shoti, kikajifunga. Alijaribu mara sita, mara saba. Mikono ya saa ilikuwa inakwenda. Mkewe aliketi kwenye kigoda akichambua mboga ambazo zilikwisha kuchambuliwa.

"Imekataa?"

"Inaogopa."

"Nani kati yenu?"

Akanyoosha mkono wa kulia kuchomoa plagi. Lakini neno lile la kuogopa lilimkumbusha taa. Mwalimu wake hakuwasha redio ngeni bila kuupitisha umeme kwenye balbu kwanza; mgeni usiyemjua, alisema, mpokee barazani. Mkono Mmoja akatafuta balbu ya taa ya gari, akaiweka njiani kati ya zile nyaya za njano na amplifaya. Akawasha. Balbu ikang'aa, amplifaya ikanywa polepole kupitia kwayo, kisha balbu ikafifia. Hapo akabonyeza swichi ya kuufungulia umeme njia iliyonyooka, isiyopita kwenye balbu. Feni haikusimama. Alikaa akiitazama mpaka mboga zikaiva.

Jumatatu ukumbi wa zahanati ulijaa. Mkuu alikaa benchi la mwisho, mikono kifuani. Mkono Mmoja alikuwa kando ya dirisha na vyombo vyake juu ya meza, shati limemganda mgongoni. Balbu iling'aa, ikafifia. Swichi. Feni ikavuma.

Mkewe akachukua kadi ya kwanza, akainua maikrofoni, na mazoea ya miaka ishirini na miwili yakamponyoka. Alijaza kifua akapaza sauti.

Ukumbi ulisikia nusu ya jina, kama mlango uliobamizwa. Kisha kimya. Feni ilikuwa imesimama.

"Hata mashine imeshtuka!" akasema mtu.

"Nayo ipewe kadi, ikae foleni!"

Watu wakacheka. Mkuu akainuka, akaja taratibu, akasimama mbele ya meza.

"Ndiyo hii?"

"Dakika moja, mkuu. Sauti kubwa imekishtua, kimejifunga. Lazima kipumzike kwanza."

"Nina wagonjwa mia. Tumia mikono yote miwili basi."

Mkono Mmoja alichomoa plagi kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulibaki mfukoni, vidole vimeikamata fyuzi ya akiba mpaka inamchoma. Akahesabu hadi sitini, midomo ikicheza, na mkuu akitazama saa. Akarudisha plagi. Balbu ikang'aa, ikafifia. Swichi. Akamgeukia mkewe.

"Usiwaite."

"Nisiwaite?"

"Umewaita vya kutosha. Leo waambie tu. Kama unaniambia mimi chai iko tayari."

"Na hiyo chai mwenyewe husikii."

Waliokaa benchi la mbele wakacheka, naye akatabasamu, na kwa tabasamu lile lile akasogeza maikrofoni karibu na mdomo. Akasema jina la bibi mmoja, na la baba yake, kwa sauti ya mtu aliye chumba kimoja nawe.

Ilijaa ukumbi wote. Mkuu alikuwa amesharudi nyuma, amesimama ukutani. Hakuna aliyeinuka. Mkono Mmoja alisikia feni, akasikia moyo wake, hakujua kipi kitasimama kwanza.

"Abee, mwanangu," ikaja sauti kutoka benchi la mwisho. "Nakuja. Natafuta kiatu."

Mkuu alipita mbele ya meza akielekea ofisini. "Sawa," akasema. "Lakini siku kikizima..."

Kisanduku kile hakijazima tena. Hata hivyo, kila asubuhi Mkono Mmoja hufuatana na mkewe mpaka zahanati. Huwasha, husubiri balbu ififie, hubonyeza swichi, kisha husimama ukutani akiisikiliza feni. Redio za zamani ziliugua kabla ya kufa. Zilikohoa, zikakoroma, zikampa mtu siku za kujiandaa. Hiki hakikohoi. Jina la kwanza likiitikiwa, ndipo huenda kufungua kibanda. Akichelewa kuondoka, mkewe humwambia kwenye maikrofoni, kwa ile sauti ya chini inayofika benchi la mwisho, "Nenda kazini, baba watoto."

Watu hucheka. Naye huenda, lakini mkono wa kushoto hautoki mfukoni mpaka akate kona, pale feni isiposikika tena.