Hatua Ishirini na Sita za Thandeka

Sifa ni zako, Mungu uliye hai, uliyemuumba farasi zamani sana, kabla mtu hajawaza kutengeneza saa. Nakushukuru kwa miaka uliyonipa, kwa macho ambayo bado yanaiona karatasi hii, na kwa aibu uliyonipatia asubuhi moja nikiwa nimevua viatu. Aibu ile imenifaa kuliko vyeti vyangu vyote.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mwaka uliofuata ule wa Kombe la Dunia lililochezwa huku kusini, nilipomhukumu farasi kwa namba na kudhani nimefanya haki. Leo ukipita Clairwood utaona malori na maghala, lakini siku zile palikuwa na uwanja wa mbio za farasi, na nyuma yake mabanda ambamo mimi, mwalimu wa hesabu kutoka Bukavu, nilipata kazi. Sikuwa mtoto. Nilikuwa nimefika miaka arobaini na kitu. Ila mtu akihamia nchi ya watu huanza upya, na ndiyo maana ninauita wakati huo ujana wangu wa pili, na makosa yake yalikuwa ya kijana kweli kweli.

Nilianza kwa kuzoa samadi. Siku moja mwenye mabanda, mkufunzi wa farasi aliyezaliwa mtaa wa pale pale mjini, Overport, alinikuta nimekaa juu ya ndoo nikimfundisha mwenzangu namna ya kupiga hesabu za mwendo kwa mkaa ukutani. Badala ya kunigombeza kwa kuchafua ukuta, alinipa saa ya kubonyeza, darubini kuukuu na daftari. Kuanzia hapo jina langu likawa Ticha.

Nikueleze kazi yenyewe, maana pengine hujawahi kuisikia. Farasi mmoja hukimbia Jumanne nyasi zikiwa kavu, mwingine Ijumaa baada ya mvua. Mmoja amebeba mtu mwepesi, mwingine amebeba mtu mzito. Utajuaje nani ana mbio zaidi? Unapima muda wake, unaongeza au kupunguza kwa ajili ya mvua, uzito na urefu wa njia, mpaka unabaki na namba moja tu, namba ya kasi. Aliye na themanini anamshinda aliye na sabini na tano, hata kama hawajawahi kuonana. Mimi nilikuwa nasimama kwenye kibanda cha mbao karibu na nguzo ya kumalizia. Farasi akipita nguzo ya kwanza ng'ambo ya uwanja, nabonyeza. Akizunguka kona ya mbali na kufika mbele yangu, nabonyeza tena. Namba zangu zilikuwa safi, na mkufunzi alizipenda.

Tatizo ni kwamba na mimi nilizipenda. Mimi mtu wa kanisa sikuwahi kuweka dau, na namwomba Mungu asiniletee hamu hiyo uzeeni. Lakini watu walipoanza kuiulizia karatasi yangu, moyo ulivimba. Kule mjini, kwa kinyozi wetu Mkongo, nilikuwa siwezi kuketi bila yeye kupaza sauti saluni nzima ikasikia:

"Nabii wa namba amefika! Sema, nabii, Bwana amekuonyesha nani wa Jumamosi?"

Watu walicheka, na mimi nilikuwa nakunja uso kana kwamba nimeudhika. Sikuwa nimeudhika.

Basi kati ya farasi wetu kumi na wawili alikuwepo jike mmoja wa kahawia, anaitwa Thandeka. Alikuja kwetu mwoga kiasi kwamba hakuruhusu mkono wa mtu umguse. Mzee Kasongo peke yake ndiye aliyemweza. Mzee huyo alikuwa Mkongo mwenzangu, mtu wa Kalemie, mtunza farasi, mfupi, mwenye masikio makubwa na sauti ya kukwaruza. Kwa miezi alikaa kwenye kizingiti cha banda lake akimwimbia nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, mpaka siku Thandeka alipoinamisha kichwa chake mwenyewe na kukiweka begani kwa mzee. Tangu hapo walikuwa kama ndugu. Na kwa kuwa yule jike alitetemeka akizungukwa na farasi wengine, Mzee Kasongo alimtoa mazoezini mwisho kabisa, wenzake wakiwa wamesharudi. Lishike hilo, mwanangu. Mimi nililiona kila siku na sikulishika.

Juma moja mkufunzi alipata habari kwamba farasi mpya anakuja na banda linahitajika. Mmoja lazima aondoke. Akaniambia nimletee karatasi. Nikaileta siku ya Alhamisi. Wote walikuwa kati ya sabini na saba na themanini na mbili, isipokuwa Thandeka. Yeye alikuwa sabini na moja, na si mara moja, ni kila zoezi. Nilijivunia jambo hilo hasa, kwamba namba yake haikuyumba. Nikamwambia mkufunzi kwamba kitu kinachosema neno lile lile mara ishirini hakiwezi kuwa kinadanganya. Akatikisa kichwa kukubali. Jumamosi asubuhi lori litakuja kumchukua Thandeka kumpeleka mnadani bara, na kule hakuna anayejua farasi mwoga ataangukia mikononi mwa nani.

Mzee Kasongo alipoambiwa hakupiga kelele. Ijumaa, farasi wote walipokwisha kurudi, alikuja mpaka kwenye kibanda changu na kusimama chini ya ngazi akiwa ameshika kofia.

"Mwalimu," akasema, yeye peke yake hakuniita Ticha, "weye uko unapima saa. Njia umeshaipima?"

Nikamjibu kwa upole wa mtu anayejiona amesoma kwamba njia haina haja ya kupimwa, nguzo ni zile zile, hazitembei.

"Nguzo hazitembee, ndiyo. Lakini kuko bintu bingine binatembea. Shuka. Na uvue viatu, nyasi iko na maji."

Nilitaka kukataa. Lakini alikuwa mtu mzima kuliko mimi, nami nililelewa vizuri. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikamfuata kuuvuka uwanja hadi kona ya mbali, ambayo kwa mwaka mzima nilikuwa nimeitazama kwa darubini bila kuikanyaga. Na hata kuitazama sikuwa nimeitazama. Darubini yangu ilijua nguzo mbili tu.

Tulipofika nikaona koni za plastiki zimepangwa katikati ya njia, kuanzia mwanzo wa kona mpaka mwisho wake, hatua nane nje ya ukingo wa ndani. Nikauliza za nini. Mzee akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza jua ni la nini. Kila asubuhi, akanieleza, makundi mawili ya kwanza ya farasi yakishapita, mtunza uwanja huweka koni hizo ili nyasi za ndani zipumzike. Anayekuja baadaye lazima azunguke kwa nje.

"Na nani iko anakuya nyuma ya koni?" akaniuliza.

Nikageuka kutazama lango la uwanja, alikotokea Thandeka kila siku, wa mwisho.

"Tembea. Uhesabu miguu yako."

Nikatembea kwenye ukingo wa ndani nikihesabu kwa sauti, maji ya baridi yakipita katikati ya vidole. Hatua mia tatu na kumi. Nikarudi nikitembea nje ya koni. Mia tatu thelathini na sita. Nikasimama pale pale. Mwanangu, mimi niliwafundisha watoto wa Bukavu, kwa chaki, miaka kumi na mitano, kwamba ukikizunguka kitu kwa mbali zaidi unaongeza njia, na nusu duara iliyosogezwa hatua nane inakuongezea zaidi ya hatua ishirini na tano, iwe kona ya uwanja au kona ya dunia. Nilikijua kitu hicho hata usingizini. Na mwaka mzima yule jike alikuwa anakionyesha kwa miguu yake kila asubuhi mbele ya macho yangu, peke yake, hatua ishirini na sita ambazo hakuna mwenzake aliyezikimbia, kisha mimi naandika sabini na moja.

Nilifanya hesabu kichwani palepale. Hatua zile kwa mbio za farasi ni sekunde moja na nusu hivi. Ukiziweka kwenye namba zangu, zilijaza pengo lote. Zaidi ya kulijaza. Ulinishika woga wa ajabu, si woga wa mkufunzi, ni ule unaokupata kanisani wakati kila mtu amenyamaza. Namba yangu haikuyumba kwa sababu kosa langu halikuyumba.

Mzee Kasongo akaona uso wangu, akacheka kidogo. "Eh, mwalimu wa hesabu! Hesabu ya miguu ilikupita?"

Nilikwenda kwa mkufunzi na miguu bado ina nyasi. Nikamwambia karatasi yangu ni mbovu, na nikaeleza kwa nini. Nakiri kwamba njiani nilitafuta namna ya kulisema jambo hilo ili lisionekane kosa langu, na Mungu kwa rehema zake hakunipa maneno. Mkufunzi akasema kwamba lori limeshaitwa na litakuja. Ila kesho kukipambazuka, kabla ya koni, atawakimbiza wawili pamoja, Thandeka na farasi wetu mweusi mwenye themanini na mbili. Akibaki nyuma, anapanda lori.

Mzee Kasongo alipopata habari hiyo ndipo nilipomwona ameogopa. Saa ile ya mapambazuko ndiyo saa ya farasi wengi. Langoni wanabanana, wanapiga kwato, wanapuliza. Nilikuwa nimemwondolea Thandeka namba mbaya na kumletea jambo lililomtisha kuliko yote.

Jumamosi lori lilikuwepo, mlango wa nyuma uko wazi. Nilimwona mzee akija naye katikati ya farasi wa watu, hatamu mkononi, midomo ikichezacheza. Alikuwa anaimba. Yule jike alikuwa amelowa jasho shingoni na miguu inatetemeka, lakini sikio moja alikuwa amelielekeza kwa mzee, na alipita. Mpanda farasi akakwea. Mimi nikapanda kibandani kwangu na mkufunzi akaja kusimama kando yangu.

Walipoanza niliinua darubini, na kwa mara ya kwanza sikuisubirisha kwenye nguzo. Nilimfuata. Niliona alivyoinyoosha shingo, alivyoikumbatia kona ile kwa ndani, ukingoni kabisa, kwenye nyasi ambazo hakuna aliyewahi kumpa. Niliona mwili ule wa woga ukilegea na kuwa kitu kimoja na ardhi. Mweusi alikuwa kando yake, mtu wake akimhimiza kwa mikono. Mtu wa Thandeka alikuwa ametulia tu. Wakaja. Mbao za kibanda zikaanza kutetemeka chini ya nyayo zangu, kisha mifupa yangu, kisha wakapita mbele yetu na pumzi zao kama matanuru, na yule jike wa kahawia alikuwa mbele kwa shingo nzima. Machozi yalinitoka. Nilimaliza shule, nilimaliza chuo, nimeketi chini ya wahubiri wakubwa, lakini sikumbuki kuuona utukufu wa Mungu kwa karibu hivyo.

"Eish, Ticha," mkufunzi akasema. "Umepata ngapi?"

Nikaitazama saa mkononi mwangu. Ilikuwa sifuri. Sikuibonyeza hata mara moja.

Nilingoja anifukuze. Aliitazama ile sifuri, akaniangalia na macho yangu yaliyolowa, akacheka mpaka akashika mbao. Kisha akashuka ngazi, akamwendea dereva wa lori, na nikasikia mlango wa nyuma ukifungwa bila kitu ndani.

Nilimkuta Mzee Kasongo akimfuta jasho kwa gunia. Nikaanza kumwomba radhi.

"Kwangu hapana," akanikatiza. "Muombe yeye."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Basi niliweka mkono kwenye shingo ile yenye moto, akaniruhusu, nami nikaomba msamaha kwa Kiswahili, kwa sauti, mtu mzima mbele ya watu wanaosafisha mabanda. Moyo wake ulikuwa unadunda chini ya kiganja changu. Sikuuhesabu.

Sikuambii kwamba alileta vikombe. Alishinda mara moja, akaja wa pili mara mbili, akazeeka vizuri. Na mimi sikuacha namba, mwanangu, nisije nikakupotosha. Namba ni shahidi mzuri, niliitumia mpaka mabanda yalipofungwa. Ila daftari langu lilipata safu mpya, na juu yake niliandika: alipita wapi. Farasi wawili wengine nao niligundua nilikuwa nimewapunja kwa namna nyingine.

Neno langu kwako ni hili. Utapewa namba za watu. Alama za mtihani za mtoto, miaka ambayo kijana hakwenda shule, mwezi ambao mfanyakazi alichelewa. Kabla hujamfungulia mtu mlango wa lori, vua viatu uende kwenye kona ya mbali, uitembee njia aliyoitembea. Na ukigundua umekosea, kaseme siku hiyo hiyo, miguu ikiwa bado ina nyasi. Na siku wewe mwenyewe utakapoandikiwa sabini na moja na watu waliosimama mbali, usikate tamaa. Yupo anayezijua hatua zako zote, na zile za nje ya koni pia.

Mungu huyo akulinde wewe unayesoma. Akupe mtu wa kukuimbia langoni unapotetemeka, akufungulie nyasi za ndani kwa wakati wake, na siku zako ziwe na asubuhi nyingi za kukusahaulisha saa. Amina.