Sinia la Jirani Mturuki

Juzi, kwenye duka la mitumba hapa Buffalo, niliona sinia la shaba lenye herufi za Kiarabu ukingoni. Tangu hapo sijatulia.

Utotoni, kule Whitehall tulikofikia Marekani, jirani yetu Mturuki alituletea vitafunwa vya jibini juu ya sinia kama lile. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Lakini mama, mlokole wa Bukavu, aliziona zile herufi, akahofu ni aya za Kurani, akaanza kuzunguka jikoni, mandazi yakichacharika kwenye mafuta.

"Siweke chakula yangu pale mpaka nijue inasema nini. Bon, twende tumuulize."

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wao. Jirani alipitisha kidole juu ya herufi, akatabasamu kwa aibu.

"Nyanya yangu alipewa siku ya harusi. Ni Kituruki, lakini siwezi kukisoma."

Mama alicheka kwa nafuu, akarudi nyumbani kulijaza sinia mandazi. Mimi nilimhurumia jirani. Nilidhani hakuwahi kwenda shule, nikaahidi kumfundisha a-be-che, ilhali mezani pake palikuwa na gazeti la Kituruki alilokuwa akilisoma. Sikujua kwamba serikali yao iliamuru Kituruki kiache herufi za Kiarabu na kuandikwa kwa za Kilatini, wajukuu wakashindwa kusoma vya nyanya zao.

Jana mama alimtumia binti yangu ujumbe wa sauti kwa Kiswahili. Binti aliusikiliza hadi mwisho, akatabasamu kwa aibu ileile, akaniuliza kwa Kiingereza bibi anasema nini.

Sisi hakuna serikali iliyotuamuru.