Mbuzi Umempa, Kamba Umeshika

Mwanangu, ipo Jumatatu moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo moyo unaniruka. Ilikuwa Elisabethville, wakati wa Wabelgiji. Nilikuwa kijana wa karakana ya reli, na pale Kamalondo nilikuwa nimejenga nyumba ya matofali, vyumba viwili, kwa mikono yangu.

Dada yangu, mama yako huyu tuliyemzika juzi, alikuwa amefika kutoka Mitwaba, mjane, na wewe mgongoni. Jumapili, baada ya misa, nikasimama mbele ya majirani nikapaza sauti: "Dada, hii nyumba iko yako!" Lo! Vigelegele! Munkoyo ukamiminwa vikombeni, wazee wakacheza mpaka vumbi likafunika viatu vyao.

Jioni nikaandika karatasi. Shule yangu ni ndogo, lakini mwandiko ulikuwa mzuri, nao ulinipa kiburi. Niliandika: "Ninamupa dada yangu nyumba. Siku nitapenda, nitairudisha kwangu." Nilijiambia ni tahadhari tu. Ukweli, mwanangu, nilitaka sifa ya mtoaji na raha ya mwenye nyumba, vyote pamoja.

Jumatatu tukaenda barazani kutafuta muhuri. Hakimu, mzee wa Kiluba mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma. Akamgeukia dada.

"Mama, ufunguo iko na nani?"

"Iko na yaya," akasema, akininyooshea kidole mimi kaka yake.

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka.

"Kijana, mbuzi umemupa, kamba umeshika. Hii haiko zawadi. Kama kupana zawadi kunangojea kupenda kwako tu, sheria inasema haujapana kitu. Na ukikufa kesho kule ku mashine? Ndugu zako watasema nyumba ni ya marehemu. Huyu mama atawaonyesha nini?"

Dada akanitazama. "Yaya! Kumbe jana ulinichezesha bure mbele ya bantu bote?"

Aibu ilinichoma. Nikaomba karatasi nyingine. Nikaandika kwamba nyumba ni yake, na mama yetu akija apewe chumba. Nikauliza kama sharti hilo nalo linaharibu zawadi.

"Hapana," akasema mzee. "Hilo ni la haki, anaweza kulitimiza, na haliko tena kwa kupenda kwako."

Muhuri ukagonga meza: pa! Nikavua ufunguo shingoni, nikampa. Dada alitoka mbio, wewe ukirukaruka mgongoni, akipiga kelele njia nzima: "Mukuje mucheze tena! Sasa iko kweli!" Na kweli tukacheza, Jumatatu mchana, mimi nikicheza kuliko wote. Kazini nilikatwa mshahara wa siku ile. Sijawahi kuijutia.

Juzi jeneza lake lilitoka kwa mlango wa nyumba ile ile. Sikulia kwa sauti, unanijua. Lakini hakuna aliyekuja kutuuliza mikeka ya kilio tumeitandika kwenye nyumba ya nani.

Sasa unataka kumwandikia mdogo wako kiwanja. Mwandikie. Kama una sharti, liwe la haki, liwezekane, wala lisingojee kupenda kwako. Ukiogopa kutoa, usitoe, hakuna dhambi. Lakini ukitoa, achia na kamba.

Mungu akupe mkono unaofunguka mpaka kidole cha mwisho, na aliyepokea kwako asishtuke kamwe akisikia hatua zako mlangoni.