Caritas Nzigire na Ubao wa Waokoaji

Kanisani kwetu, upande wa magharibi wa Buffalo, simu zote za Kiingereza zilipitia kwangu. Miadi ya daktari, barua ya shule, mwenye nyumba anayegoma kutengeneza bomba: "Muite Wafula." Mimi ni Mkenya wa Bungoma, nilikuja kusoma uhandisi nikabaki, na sitakudanganya, nilipenda sana kuitwa. Ukiwa mdomo wa watu sitini unaanza kutembea na kifua mbele. Nayasema haya mapema ili usije ukanionea huruma baadaye.

Ninayetaka kumwandika ni Caritas Nzigire. Huko Walungu, Kivu ya Kusini, alikuwa mwalimu wa darasa la nne, wa wale walimu ambao hata wazazi wanawaogopa. Vita vikamtoa. Mwaka 2011 alifikia Louisville, Amerika, na mumewe Bisimwa na binti yao Aksanti, akapanga maboksi kwenye ghala. Wakahamia Reynoldsburg, karibu na Columbus, kwa shangazi ya Bisimwa. Wakagombana na shangazi, wakaja Buffalo. Miji mitatu ndani ya miaka mitatu, na kote huko Kiingereza chake kilibaki cha salamu na cha kazini. Uso kwa uso alikuwa anajikaza akaeleweka. Kwenye simu, ambapo huoni mdomo wala mikono ya mtu, alipotea kabisa, na mwanamke aliyezoea kuogopwa hapendi kupotea. Kwa hiyo naye, kama wengine, simu zake alizileta kwangu.

Buffalo alipata kazi ya kumtunza mzee mmoja wa kusini mwa mji, Mzee Doyle, mwenye miaka tisini na moja. Mapafu yake yalikuwa yamechoka. Alilala sebuleni kwenye kitanda cha hospitali, na mrija puani uliotoka kwenye mashine ya oksijeni iliyonguruma mchana na usiku. Juu ya kitanda, ukutani, ulining'inia ubao wa zamani wenye maandishi ya Kiingereza. Caritas aliufuta vumbi wiki mbili bila kuujali. Siku moja ukamponyoka, ukageuka, na nyuma yake akakuta Kifaransa, lugha aliyofundishia Walungu.

Alikisoma kwa sauti, kisha akakaa kitini akacheka mpaka machozi. Tangu ashuke kwenye ndege hakuwa ameona Amerika ikiandika neno hata moja kwa ajili yake. Mzee naye akacheka. Tangu siku hiyo wakawa marafiki, na akamweleza habari za ubao ule polepole, kwa mikono na kwa picha alizochora nyuma ya bahasha.

Babu wa Mzee Doyle alikuwa mwokoaji katika kituo cha ufukweni mwa Ziwa Erie, karne ile ya merikebu za matanga. Merikebu ikikwama kwenye miamba, na mawimbi yakikataa mashua, waokoaji walisimama nchi kavu wakapiga mzinga mdogo. Mzinga ulirusha kamba nyembamba juu ya merikebu. Mabaharia wakiivuta, ilikuja na kamba nene iliyopita kwenye kapi, kigurudumu cha kuvutia kamba, pamoja na ubao huu wa maelezo. Upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kifaransa: fungeni mkia wa kapi kwenye mlingoti, juu kabisa; kama milingoti imevunjika, ufungeni mahali pazuri kuliko pengine mtakapopaona, hakikisheni kamba inakimbia bila kukwama, kisha wapeni ishara walio nchi kavu. Baada ya hapo watu walivutwa mmoja mmoja, wakining'inia juu ya maji.

Novemba moja, merikebu ya makaa ya mawe ilikwama na watu saba. Kamba ilifika, ubao ukafika, lakini mabaharia wale hawakujua Kiingereza wala Kifaransa. Wakafunga kamba kiunoni mwa mlingoti. Mawimbi yakaikamata. Watatu walivuka, wanne wakaganda huku babu akiwatazama.

"Mwalimu wao alikuwa nani?" Caritas aliuliza kwa hasira ya kazi yake ya zamani. Mzee akamwambia babu yake hakuwahi kuwalaumu, kwani mtu anayeganda hasomi.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Jumatatu, tarehe kumi na saba Novemba 2014, Caritas aliingia zamu ya jioni. Jumanne saa moja asubuhi alitakiwa kupokewa. Hakuja mtu. Akajaribu mlango wa mbele, haukusogea. Mlango wa nyuma ulifunguka kwa ndani akakutana na ukuta mweupe, wenye alama ya kitasa imechongwa vizuri kabisa. Madirisha ya chini yalikuwa yameshaingia giza. Alipanda ghorofani akachungulia, akaona theluji inashuka kama inamwagwa na mtu, na magari ya mtaani hayapo. Yalikuwapo, chini yake.

Kilichoniogopesha zaidi katika simulizi lake ni habari ya kelele. Hakukuwa na kelele. Nyumba ilikaa kimya kama mtu aliyezibwa mdomo, ikabaki mashine tu. Saa tano na nusu mashine nayo ikanyamaza. Umeme ulikuwa umekatika.

Akamuunganisha mzee kwenye mtungi wa akiba. Sindano ya mtungi ilionyesha hewa ya kutosha muda wa saa nne na nusu hivi. Baada ya hapo, Mzee Doyle angezama kitandani mwake, kwenye chumba kikavu, na yeye akimtazama. Caritas alikuwa na simu yenye chaji kidogo, na angeweza kupiga namba ya dharura mwenyewe. Hakupiga. Alifanya tulivyozoea sote, alimpigia mumewe amtafute Wafula.

Wafula hakuwa mbali. Nilikuwa nimefanya zamu ya usiku kiwandani Tonawanda, nikalala, nikaamka bila kusikiliza habari, nikaenda Grant Street kununua samaki wa moshi. Bisimwa alinikuta dukani akanipa simu.

"Ndugu Wafula, niko nafungiwa humu ku nyumba ya mzee," Caritas alisema. "Neige imefunga milango yote. Courant imekatika, mashine imezima. Iko na mtungi moja tu, itamalizika ku saa kumi. Piga kule ku secours, kwa bale ba kuokoa bantu, useme bakuye."

Nilitazama nje. Baridi ilikuwepo, lakini jua lilikuwa linawaka na barabara ilikuwa kavu, kavu kabisa.

"Mama Aksanti, snow gani hiyo? Mimi niko Grant Street hapa, ni jua tupu."

"Huku haiko jua. Huku hata barabara haionekane."

"Lakini si mbali hivyo. Ni same Buffalo. Labda mlango umegandishwa tu, sukuma vizuri. Na kama mwenye kukupokea amechelewa, call tu teksi uende nyumbani."

Kisha akasema, taratibu, jinsi mtu anavyomwambia mtoto wa darasa la nne: "Ndugu Wafula, mzee iko nakufa."

"Watu wa kazi watakuja, mama. Usipaniki."

Simu ikakatika. Nilidhani amekata kwa hasira. Nikamrudishia Bisimwa nikamwambia mkewe amechoka na zamu. Bisimwa, ambaye alikuwa hamwamini tangu alipompigia, akasema, "Donc, ni vile nilisema, amechoka tu." Tukacheka kidogo, Mungu atusamehe. Nikaenda nyumbani na samaki wangu.

Hasira ninayo mpaka leo, na sina pa kuipeleka. Kila mtu wa Buffalo anajua sasa kwamba siku ile theluji ya ziwani ilianguka kusini ikaiacha kaskazini kavu, kana kwamba mtu amechora mstari. Mimi sikujua, na mtu asiyejua angeweza angalau kupiga simu moja. Ingenichukua dakika mbili.

Yaliyofuata hakuniambia mimi. Alimwambia mke wangu Truphosa.

Simu ilipozima, alilia. Alisema hakumlilia mzee, alijililia mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amejieleza vizuri na bado hakuaminiwa. Mzee akamnyooshea kidole, akakipeleka ubaoni. Neno la mwisho: ishara.

Caritas akapanda ghorofani, akafungua dirisha kwa kulipiga kwa kiti, akatandaza shuka nyeupe. Shuka nyeupe kwenye theluji nyeupe. Alipogundua ujinga wake aliivuta, akatoa pazia jekundu la bafuni, akalipunga mpaka mabega yakawaka moto. Ng'ambo ya barabara dirisha likafunguka. Alikuwa Peg, jirani mnene mwenye kupenda kuvua samaki kwenye barafu. Nyumba yake ilikuwa na mwanga, na jenereta ikinguruma varandani juu.

"No light!" Caritas alipiga kelele. "Oxygen! Old man!"

Peg hakuuliza ana hakika au la. Alirudi na ufito wa kuvulia wenye risasi nzito ya kuzamishia ndoana kwenye uzi, akaurusha. Mara ya kwanza upepo ukaubeba. Mara ya pili ukaanguka katikati. Mara ya nne risasi ikagonga paa la varanda chini ya dirisha, na Caritas akauvuta uzi kwa mpini wa fagio, tumbo lake likiwa nje ya dirisha. Uzi ulileta kamba ya kuanikia nguo. Kamba ilileta waya mrefu wa umeme, wa rangi ya machungwa.

Alitaka kuufunga kwenye kitasa cha dirisha, kilichokuwa karibu. Vidole havikuwa na hisia tena, na kitasa kilikuwa hapo hapo. Akajikuta anasema kwa Kifaransa, kwa sauti ya darasani, juu, juu kabisa. Kama mlingoti haupo, mahali pazuri kuliko pengine. Akauzungusha kwenye bomba la chuma lililopanda mpaka dari, akafunga mafundo matatu, akauteremsha mwisho wake ngazini mpaka sebuleni. Usiku theluji ililalia waya huo, ukalegea mpaka ukaigusa barabara iliyofukiwa, na kitasa, ulichokiegemea tu, kikang'oka. Bomba halikung'oka.

Saa kumi kasorobo mashine ilinguruma tena. Alisema alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kitanda cha mzee, akaushika mkono wake, na wakakaa hivyo mpaka giza.

Walikaa siku mbili zaidi. Alhamisi mchana watu wa zimamoto, walioitwa na Peg, walifika na gari la theluji linalokokota kijitanda. Kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Wakamtoa mzee kwa dirisha la juu, akiwa amefungwa kwenye mablanketi, akining'inia. Caritas alibaki ndani ya nyumba ile peke yake usiku mwingine mzima, bila kazi ya kufanya na bila mlango. Simu yake ilikuwa imejaa chaji kwa waya wa Peg. Hakumpigia yeyote kati yetu. Sisi tulikuwa tumeshajua, mji wote ulishajua, na simu yake iliita kila nusu saa. Aliitazama tu.

Ijumaa walichimba theluji mpaka mlangoni wakamtoa. Mimi na Bisimwa tulisimama pale polisi walipofunga barabara, miguu yetu mikavu, mbele yetu ukuta mrefu kuliko sisi. Alikuja akiwa amevaa koti la Mzee Doyle. Akampa mumewe begi, akanisalimu kwa heshima. Ningefurahi kama angenitukana.

Jumapili, baada ya ibada, nilimkuta kwenye korido ya kanisa, simu mkononi na karatasi yenye namba ya Peg. Hospitali haikuwa imemwambia kitu kwa sababu si ndugu wa mgonjwa. Nikanyoosha mkono kupokea simu, kama miaka yote.

"Hapana, ndugu Wafula," akasema. "Mimi mwenyewe."

Akapiga. Nilisimama pale na mkono wangu. "Peg, I am Caritas," alisema. "How is he, the old man?" Kisha akasikiliza muda mrefu. Aliomba Peg arudie, pole pole, na Peg akarudia. Alisema asante mara mbili, akashusha simu, akaweka kiganja ukutani.

"Wanasemaje?" nikauliza.

Alinitazama vizuri, kama anayepima.

"Amekufa leo asubuhi," akasema. "Hii utaamini?"