Mtani Asiyezika

Majuzi nilikuwa kwenye foleni ya dawa mjini Morogoro, nimeshika cheti changu, sina habari na mtu, mara simu ya kijana aliyekuwa mbele yangu ikaita. Haikuita kwa kengele. Iliita kwa filimbi. Kwanza kipumuo kidogo, fyuu, kama mtu anayepuliza chai ya moto, halafu sauti yenyewe, nyembamba, inayopanda kidogo kabla ya kutulia. Kijana akaizima, akatuomba radhi, akaendelea na yake. Angejuaje yule mtoto wa watu kwamba anatembea na pumzi ya mjomba wangu mfukoni?

Kile kipumuo nakijua. Kilitokana na pengo. Mjomba Kosmas, kaka yake mama, hakuwa na jino moja la mbele, na kila alipotia filimbi mdomoni upepo kidogo ulitorokea hapo kabla mwanzi haujaitika. Wenzangu, kwa mila yetu Waluguru, wamerithi mashamba ya wajomba zao. Mimi wa kwangu namsikia kwenye simu za watu, na aliyempeleka huko hajawahi kusema amemtoa wapi. Nina hasira naye hadi leo, na sioni haya kukuambia. Lakini nivumilie nianze mwanzo, maana hasira hii ilianza kwa mapenzi.

Tulikaa Mafiga. Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, na kiwanda kilikuwa na bendi yake, kama ilivyokuwa desturi siku hizo. Jumapili mchana bendi ilitupigia bugi, dansi la watoto, kwenye bwalo la wafanyakazi. Soda zikiwepo tulikunywa, zisipokuwepo tulicheza na kiu yetu hivyo hivyo. Bwalo lilinuka jasho, mafuta ya nazi na vumbi la pamba, na mimi nilijipenyeza kila mara hadi mbele kabisa, upande wa kinanda. Aliyekipiga aliitwa Mihayo, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mwenye miwani ya jua asiyoivua hata ndani. Aliweza kukiliza kinanda kile kama honi ya treni inayoingia stesheni, na tulipoanza kupiga kelele aligeuka akatutolea ulimi. Nilimpenda mno. Nilipofagia uwanja nilikuwa Mihayo, fagio ndilo kinanda.

Kisha ikaja ruksa, serikali ikafungua milango ya biashara. Maduka yaliyozoea kuuza rafu tupu yakajaa sabuni, vitenge na redio za kila namna. Mitumba ikamwagika sokoni kwa mafungu, na sisi wenyewe, familia za kiwandani, tukakimbilia kuchambua mashati ya Wazungu huku vitambaa vya baba zetu vikilala ghalani. Ukitaka kujua binadamu anavyokata tawi alilokalia, ungetutazama sisi. Wafanyakazi wakaanza kurudishwa nyumbani, na bendi ikafutwa kabla ya wote. Tarumbeta zikafungiwa stoo. Wapigaji wakatawanyika, wengine wakaenda kukata miwa.

Mihayo peke yake hakutetereka. Mfanyabiashara mmoja alimletea kutoka Dubai kinanda kipya chenye ngoma ndani yake na gita ndani yake, na zaidi ya hayo, chenye uwezo wa kumeza sauti yoyote uliyokipa na kuitoa tena kwa kidole kimoja. Baba alikwenda kukiona. Aliporudi alisema, "Mtu mmoja na sanduku, basi, ndiyo bendi nzima." Alisema kwa uchungu. Mimi niliona baba ni mtu wa kizamani asiyejua raha.

Likizo zangu nilizimalizia Matombo, juu milimani, kwa Mjomba Kosmas. Huko ndiko nilikojua mbeta. Kwa asiyejua, mbeta ni ngoma yetu Waluguru, ya filimbi za mianzi. Kwa wazee wetu kila mmoja alikuwa na filimbi yake, na kila filimbi ilikuwa na sauti yake moja tu. Huyu anapuliza, anamwachia yule, yule anampokeza mwingine, na wimbo unazunguka katikati yao bila kuwa wa mtu. Filimbi ya mjomba ilikuwa ndogo kuliko zote, na ndiyo iliyofungua.

Likizo moja, kwenye barabara ile ya mawe na makorongo, likapanda gari la wachuuzi wa ndizi, na nani aliyekaa mbele, kinanda kimeviringishwa kwenye godoro nyuma yake? Mihayo! Karibu nizimie. Alikuwa amesikia habari za filimbi zetu, akataka kuzitia katika sanduku lake. Na alijua pa kupitia. Waluguru na Wanyamwezi ni watani, tangu babu za Wanyamwezi walipopita chini ya milima yetu na misafara wakielekea pwani, na mtani haingii kwa adabu.

"Watumwa wangu!" alipaza sauti akishuka. "Bwana wenu nimefika, mbona uwanja haujafagiwa?"

"Mnyamwezi gani huyu amekuja bila mzigo kichwani?" Mjomba Kosmas alimjibu. "Mzigo wa watu umeutupa wapi, mwizi wewe?"

Wazee wakaangua kicheko, na kuanzia hapo mambo yote yakawa mepesi. Mihayo akaingia migombani, akakata mkungu wa mjomba ulioiva bila hata kuuliza, na mjomba akamtazama tu akitabasamu kwa pengo lake. Mtani hakatazwi. Ungekuwa wewe au mimi, angetutoa mbio na panga.

Padre wa misheni alituwashia jenereta. Wazee wakaketi kwenye benchi za ukumbi wa parokia, filimbi mapajani, tayari kuanza. Mihayo akawazuia. Hakutaka wapulize pamoja. Alimtaka mmoja mmoja, sauti yake moja, mbele ya maikrofoni, wengine kimya.

"Peke yangu?" aliuliza mjomba. "Filimbi moja haisemi kitu. Inaita wenzake tu."

"Mtani, nimekuomba sauti, sijakuomba hotuba."

Wakacheka tena. Wakapuliza mmoja mmoja, wakiona haya kama watu walioambiwa waoge hadharani. Nakumbuka kila mzee alivyomaliza sauti yake akageuka kumtazama jirani, akingoja apokewe, na jirani hakuruhusiwa kupokea. Harufu ya dizeli iliingia dirishani ikachanganyika na ya mdalasini uliokuwa ukikaushwa nje. Nami nilikaa chini karibu na kinanda, mtoto mwenye bahati kuliko watoto wote wa Matombo.

Kazi ilipokwisha mjomba alimshika Mihayo mkono. "Ndizi umechukua, mtani, na pumzi umechukua. Siku yangu ikifika uje unizike."

"Nitakuja nikuzike hata kama hujafa!"

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Nilicheka nao.

Baada ya miezi kadhaa Mihayo alipiga onyesho lake la kwanza la filimbi, kwenye ukumbi mmoja pale mjini, na mjomba akateremka toka mlimani kulisikiliza. Alivaa koti lake la misa ya Pasaka. Nilimketisha karibu yangu, nikawatangazia watoto wote kwamba huyu ndiye mwenyewe. Mihayo akabonyeza kidole kimoja, na kile kipumuo kikatoka kwenye maspika makubwa, na nyuma yake sauti ya mjomba ikaujaza ukumbi. Watu walilipuka. Mihayo hakuinua kidole. Sauti ikaendelea, ikaendelea, na nilipomgeukia mjomba nilimwona ameshika magoti, mashavu yamemtuna, macho yamemtoka. Alikuwa amebana pumzi pamoja nayo, anaingoja imalize naye apumue. Haikumaliza. Akashindwa, akakohoa, watu wa mbele wakageuka kumcheka.

"Haipumui," aliniambia tulipotoka. "Sasa wenzake wanaingilia wapi?" Mihayo kwenye jukwaa alishukuru mashabiki, akamshukuru mfanyabiashara wake, akamshukuru na Mungu. Wazee wa Matombo hakuwataja. Nilidhani amesahau tu.

Mwaka uliofuata kaseti ya Mihayo ilifika milimani. Harusi zikaanza kuchezwa kwa redio. Nani alishe kundi la wazee na kuwatafutia pombe, wakati filimbi hizo hizo zimo kwenye kaseti, tena na ngoma juu yake? Vijana waliokuwa wanajifunza mbeta wakaiacha. Mjomba alitundika filimbi yake ukutani, juu ya picha ya Bikira Maria, akawa anaifuta vumbi siku za sikukuu. Mama alisema shukrani ya punda ni mateke. Mjomba alimkemea, akasema mtani hasemwi hivyo, mtani atakuja tu.

Nilikuwa darasa la saba mjomba alipofariki. Sasa nisikilize vizuri hapa. Kwetu mtani ana kazi yake msibani. Ndiye anayeshika jembe. Ndiye anayeingia jikoni, akamwigiza marehemu alivyotembea na alivyokohoa, mpaka wafiwa wacheke huku wanalia. Anaweza kuruka kaburini akalala humo na kugoma kutoka mpaka apewe anachotaka, na hakuna wa kumkasirikia. Pasipo mtani, msiba unakaa kifuani kama ugali mkavu. Na Mihayo wakati huo alikuwa pale pale Morogoro, amefikia nyumba ya wageni. Baba alimfuata mwenyewe, akampa habari. Mihayo alisikitika sana, akasema, "Niwekeeni jembe langu, kesho niko huko."

Wakamwekea jembe. Liliegemezwa kwenye fungu la udongo, mpini juu, na hakuna aliyeligusa. Misa ikaisha. Jeneza likakaa kando ya kaburi, na kila gari liliponguruma bondeni wazee walitazamana, mmoja akaanza hata kutabasamu mapema. Yalikuwa malori ya ndizi. Mawingu yakashuka toka kileleni, katekista akasema hatuwezi kungoja mvua iingie kaburini. Mdogo wake marehemu ndiye aliyelichukua lile jembe. Alimfukia kaka yake bila neno, bila mzaha, hakuna aliyecheka. Sijawahi kuona kaburi lililofukiwa kimya vile.

Tuliporudi Mafiga, binti wa jirani alinidaka getini. "Umekosa wewe! Juzi Mihayo kapiga mchana kutwa. Ile ya filimbi kairudia mpaka basi, watu wamechizika!" Nikamwuliza ni juzi ipi. Ilikuwa siku ile, saa zile. Sisi tumesimama kwenye udongo tunamngoja, yeye anamchezesha mjomba wangu kwa kidole.

Utaniuliza kwa nini niliendelea kwenda kwenye maonyesho yake. Nimekwenda nikiwa msichana, nimekwenda na mimba, nimekwenda na wanangu mgongoni. Nimemwona akihama kutoka kaseti kwenda sidii, kutoka sidii kwenda kompyuta. Nilikwenda kwa sababu mjomba alikuwa hapo. Hakuna mahali pengine duniani palipobaki sauti yake. Nililipa kiingilio nikasimama mbele, nikakingoja kile kipumuo, na kilipotoka nililia, halafu nikakasirika kwa kulia. Mara moja kule Mazimbu, mbele ya wanafunzi wa chuo, alisema sauti ile aliitengeneza mwenyewe, chumbani kwake, kwa taabu kubwa. Wakampigia makofi. "Mwongo!" nikapaza sauti. "Mwongo mkubwa!" Maspika yakanimeza. Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alitunzwa kwa mchezo wa kwa watu wengine.

Mwaka jana alikuja tena Morogoro, safari hii anapiga ameketi, miwani ile ile, vidole vimevimba kwenye viungo. Vijana walipokuwa wanakunja nyaya nilimsogelea.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Mimi Mluguru wa Matombo."

Uso ukamchangamka hapo hapo. "Mtumwa wangu! Umekuja kunibebea mizigo?"

Yaani utani aliukumbuka. Ningeweza kumsamehe kama angekuwa amesahau vyote. Nikamwuliza, "Yule mzee wa filimbi ndogo, mwenye pengo, aliitwa nani?"

Akakuna kichwa, akacheka. "Mwanangu, wazee wale walikuwa wengi."

Nilipokuwa mtoto nilidhani utani ni ruhusa. Niliona mkungu unakatwa, pumzi inachukuliwa, watu wanacheka, nikadhani basi, ndivyo ulivyo, mtani anajichukulia. Imenichukua maisha yangu yote kuelewa kwamba mjomba hakuwa anatoa bure. Alikuwa anamkabidhi mtu maiti yake mapema. Ndiyo maana alitabasamu. Ni kama aliyesema, mkono unaokata ndizi zangu nauacha ukate, kwa kuwa ndio utakaonifukia. Mihayo alichukua nusu ya utani iliyo tamu, nusu ya pili akatuachia kando ya kaburi, imeegemea udongo.

"Sawa, mtani," nikamwambia. "Ukifa nitakuja."

Alicheka mpaka akakohoa. "Njoo, mtumwa wangu! Njoo na ndizi!"

Nami nitakwenda, wamzike Dar es Salaam au wamrudishe Tabora. Nitavaa miwani ya jua, nitamwigiza anavyotoa ulimi, nitawachekesha wanawe mpaka walie, maana mimi kazi yangu naijua. Kisha kabla jeneza halijateremshwa nitateremka mimi. Nitalala humo chali. Wataniletea kanga, wataniletea kuku, nitakataa. Nitataka waipige ile filimbi, na mmoja wao aseme mbele ya watu wote kwamba huyo anayepuliza ni Kosmas wa Matombo. Akishasema nitatoka, nitajipangusa udongo, niombe jembe, nimzike mtani wangu vizuri.